Sajini Hald Aaga Uwanja wa Msikizi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Sajini Ruvenka Hald wa Kikosi cha Uteguzi, Kituo cha Dromma, anastaafu leo, tarehe mbili Mwezi wa Barafu.

Alijiunga mwaka uleule kaka yake, Koplo Teyo, alipouawa na Msikizi. Kwa faida ya wageni wetu, Msikizi ni bomu la ardhini lisilojali uzito. Mtu mmoja akipita juu yake, hata akirukaruka, linanyamaza. Linasubiri miguu ya askari wengi ikanyage kwa pamoja, ndipo lilipuke. Adui aliyatega mabomu haya kwenye uwanja wetu wa gwaride, na vita vikaisha yakiwa bado yamo. Ndiyo maana hapa Dromma hakuna anayeoanisha hatua na mwenzake, hata maharusi.

Luteni Orrin Pask hakulijua hilo alipofika kutoka makao makuu. Aliudhika kuona kikosi kinatembea kama walevi, akaamuru kwata pembeni mwa uwanja. Kabla safu haijaingia uwanjani, sajini alimvaa na kumwangusha matopeni.

“Nitakushtaki,” luteni alifoka.

“Nishtaki, afande. Utakwenda mahakamani kwa miguu yako mwenyewe.”

Hakushtakiwa. Luteni yule sasa ni kanali, na ndiye mgeni rasmi wetu.

Kazi yake Sajini Hald aliifanya kifudifudi, akifukua udongo kwa kijiti. Alipenda chai ya chumvi na kuwatania wageni wa kazi: “Tetemekeni tu, wanangu, ila msitetemeke kwa mpigo mmoja.”

Wiki iliyopita alitegua bomu analoamini ni la mwisho. Anaamini tu, kwa sababu hakuna mtambo unaoliona Msikizi. Desturi yetu ni mteguaji kutangulia kupita alipopasafisha, lakini pale uwanjani mtu mmoja hathibitishi kitu. Alitueleza hayo wakati wa chakula huku akitazama sahani yake, na hakumwomba mtu. Zamu yake nzima ilijitolea kupita naye kabla chai haijapoa. Kanali Pask naye alikuja, akasema yeye na matope yale wanafahamiana.

Tunakushukuru, Mama Hald. Tunakutakia uzee wenye afya na chai ya kutosha. Tunaogopa, hatutakuficha. Saa nane mchana tutakuwa nyuma yako uwanjani. Wewe toa amri, nasi tutakanyaga pamoja.