Shangazi Anaondoka, Kompaila Inabaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Shangazi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Neno “rasmi” tumeliweka kwa makusudi. Isivyo rasmi ameshatuaga mara mbili, keki tukala mara mbili, na Jumatatu iliyofuata tukamkuta kwenye meza yake ileile, miwani puani, ameinamia kioo cha kompyuta. Safari hii ni kweli. Keki ya tatu imeshaagizwa, na mhasibu ameomba iwe ya mwisho.

Shangazi si jina la kwenye kitambulisho chake. Mtoto wa kaka yake aliwahi kufanya kazi ghalani kwetu kwa muda, akawa anamwita hivyo kwenye korido. Mtoto wa kaka akaondoka, jina likabaki. Leo hata mkurugenzi, ambaye amemzidi umri, humwamkia Shangazi kisha hujishtukia.

Aliajiriwa kulehemu bodi za umeme za vitanda vyetu vya joto, vile wanavyolazwa watoto njiti hospitalini. Mkono wake ulikuwa mtulivu, lakini mdomo haukutulia. Alitaka kujua hicho kidude cheusi katikati ya bodi kinajuaje kwamba mtoto anapata baridi. Wakuu walipochoka kumjibu, walimhamishia kitengo cha programu akajijibu mwenyewe.

Kwa wenzetu wa ghala na usafirishaji, ambao kila mwaka huuliza Shangazi anafanya kazi gani hasa, jibu ni hili. Chipu ya kitanda, kile kidude cheusi, ni ndogo mno kujiandalia programu yake. Programu huandaliwa kwenye kompyuta kubwa ya mezani, na inayoigeuza iwe lugha ya chipu inaitwa kompaila. Kompaila hiyo nayo lazima ijengwe. Kwanza hujengwa ile mbichi, isiyojua mengi. Hiyo mbichi hujenga maktaba ya msingi, yaani mkusanyo wa vipande vya programu vinavyohitajika kila mara. Maktaba ikikaa sawa, kompaila hujengwa upya, sasa ikiwa kamili. Mwisho husakinishwa kwenye folda yake peke yake, isichanganyike na vitu vya kompyuta mwenyeji, ile ya mezani inamojengwa. Ukikosea hatua ya kwanza, utajua ukifika ya mwisho, na siku yako imekwenda.

Kazi hiyo ilikuwa ya Shangazi. Siku ya kujenga, alipiga marufuku birika la umeme ofisi nzima, maana liliwahi kukata umeme kompaila ikiwa karibu kukamilika. Tulikunywa maji ya bomba kwa adabu. Watengenezaji wa chipu yetu ya zamani walipoacha kuitengeneza, yeye alijenga kompaila ya chipu mpya na akaitunza ile ya zamani, kwa hiyo vitanda vilivyokuwa wodini tangu zamani viliendelea kurekebishwa badala ya kutupwa. Wauguzi wengi hawamjui. Sisi tunamjua, na tunamshukuru kwa niaba yao.

Alikuwa na wosia mmoja aliotuimbia mpaka ukatujaa masikioni: ukimpikia mtu wa nyumba nyingine, usiazime chumvi kwa mwenyeji. Maana yake, kompaila ya chipu isiguse hata faili moja ya kompyuta inamojengwa. Aliyefanya kosa hilo alisemwa hadi akajutia kuzaliwa.

Sasa tuje kwenye zile keki mbili. Mume wake, fundi cherehani, alishatangulia kuhamia mji anakoishi binti yao. Aliondoka na sufuria moja na viti viwili, akimsubiri mwenzake alete vingine. Lakini mkurugenzi alishikilia kwamba Shangazi haondoki mpaka mtu mwingine aweze kujenga kompaila ya zamani bila yeye, maana vitanda havisubiri. Tukala keki, akajaribu mwenzetu wa kwanza, ikakwama kwenye maktaba. Tukala ya pili, akajaribu wa pili, ikakwama palepale. Kwenye kompyuta ya Shangazi ilipita bila kikohozi. Tukaanza kuamini ana mkono wa peke yake. Yeye akaanza kuamini sisi ni wazembe, na alitwambia. Mume akawa anapiga simu kuuliza kama viti vina haja ya kununuliwa mto.

Aliyetuokoa ni dada wa kitengo cha majaribio. Aliomba ruhusa, akaificha folda moja ya zamani kwenye kompyuta ya Shangazi mwenyewe, kisha akamwomba ajenge. Ikakwama palepale. Miaka mingi nyuma, katika haraka fulani, Shangazi alikuwa amenakili faili za maktaba kwenye folda ya mwenyeji, na tangu hapo kompaila yake ilikuwa ikiziazima kimyakimya. Mganga hajigangi. Chumba kizima kilisubiri radi. Shangazi akavua miwani, akacheka mpaka machozi, akasema: “Kumbe mwizi wa chumvi ni mimi!”

Kisha akafanya jambo ambalo wengi wenye cheo kama chake wangelikwepa. Alikwenda meza kwa meza kwa wale wawili walioshindwa, akawaomba radhi mbele yetu sote. Akakaa nao, mikono ameikunja, wakajenga wao kwenye kompyuta mpya isiyo na kitu. Ikapita. Aliwakumbatia kama waliofaulu mtihani wake, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Shangazi, umetufundisha kazi, na ulipokosea umetufundisha kukosea. Tunakupenda, na tunaona uchungu kukuachia. Msalimie shemeji, mwambie mto wa kiti anunue. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana na wajukuu wenye maswali mengi kama yako.

Jumanne iliyopita, ukiwa kwenye likizo yako ya mwisho, hospitali moja ilituletea taarifa ya hitilafu ya kipimajoto kwenye vitanda vya zamani. Kompaila ikajengwa, programu ikarekebishwa, vitanda vikarudi wodini. Hatukukwambia, kwa sababu hakuna aliyehitaji kukupigia simu. Nenda salama, Shangazi. Tumekosa kisingizio cha kukuzuia.