Devassy Kochuvareed, Mwandishi wa Kuta za Miungano Miwili (1941–2023)

Padri wetu, ndugu, majirani, na nyinyi wanachama wa pande zote mbili mliosimama leo uani petu bila kutengana: huyu ndiye mzee tunayemsindikiza.

Marehemu Devassy alizaliwa Jumatano, tarehe 8 Januari 1941, hapa Kolathukara, wilaya ya Thrissur, jimbo la Kerala. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Kochuvareed, kibarua wa mashamba ya mpunga, na Bi Kunjila. Alibatizwa katika kanisa letu siku ya nane, na mama yake alisema alilia tangu mlangoni hadi altareni, kisha maji yalipomgusa akanyamaza na kuangalia maandishi ya ukutani. Mama yake alipenda kuongeza chumvi kwenye hadithi zake, lakini hii aliisimulia kwa namna ile ile miaka yote.

Alianza masomo mwaka 1947 katika shule ya msingi ya parokia. Hesabu ilimpiga chenga, historia aliisikiliza kwa sikio moja, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri hata walimu wakaonyeshana. Akiwa darasa la sita alifundishwa na Mwalimu Ammini Chakkunni, binti wa miaka ishirini na moja aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kazi. Mwalimu huyo aligundua kwamba Devassy anaandika herufi ya mwisho ya jina "Ammini" kwa kuikatisha mkia. Akamweka baada ya masomo, akamshika mkono, wakaiandika pamoja mara mia. Ilipokamilika akamwambia, "Sasa kila Jumatatu tarehe ya ubaoni utaiandika wewe." Aliiandika kwa miaka miwili. Alimaliza darasa la saba mwaka 1954, na kwa kuwa baba yake alikuwa ameumia mguu shambani, hakuendelea.

Alifanya kazi miaka mitano katika kiwanda cha vigae, akibeba udongo. Mwaka 1959 fundi Velayudhan, aliyekuwa akiandika majina kwenye mabasi, alimwona akichora kwa mkaa kwenye kigae kilichovunjika, akamchukua. Mwaka uliofuata ukaja uchaguzi wa bunge la jimbo, na Devassy akaandika ukuta wake wa kwanza. Tangu hapo hapakuwa na uchaguzi katika eneo hili ambao hakushika brashi, isipokuwa ile miaka tutakayoieleza.

Kazi yake sisi tuliombebea vyombo tunaijua. Kwanza chokaa, mara mbili. Halafu uzi uliopakwa mkaa, unavutwa na kuachiwa ili mistari inyooke. Halafu blu, nyekundu, na kijani ya pembeni. Jina la mgombea, alama ya chama chake, ombi la kura. Miungano miwili iliyokuwa ikishindana hapa, ule wa Kazi na ule wa Umma, kila mmoja ulikuwa na vyama vitano au sita ndani yake, vikubwa kwa vidogo, na vile vidogo havikukaa mahali pamoja muda mrefu. Devassy aliziandika alama za vyote. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Kazi. Alipokea kadi ya chama mwaka 1967 na hakuificha kwa yeyote. Lakini mteja akiwa wa Umma, alimwandikia kwa mkono ule ule.

Tarehe 27 Januari 1969, siku ya Jumatatu, alifunga ndoa na Kochuthresia, dada yake Rappai, Rappai huyo akiwa katibu wa tawi la chama. Posa ilikuwa hivi: Rappai alimwambia, "Dada yangu anataka mtu asiyelewa na asiyepiga kelele. Wewe kelele huna. Pombe je?" Devassy akajibu, "Rangi tu ndiyo inayonilevya." Mungu aliwajalia watoto watatu: Rosily, Davis na Shaiju. Nyumba yao na ya Rappai zilitenganishwa na ua mfupi wa miti, na kwenye ua huo palikuwa na upenyo ambao wake wa nyumba hizo mbili walipitishia bakuli za mchuzi wa samaki.

Sasa tufike mwaka 1987.

Mwalimu Ammini alikuwa amestaafu. Chama kidogo cha wakulima, chenye alama ya mwavuli, kilimsimamisha kugombea ubunge, na chama hicho wakati huo kilikuwa ndani ya muungano wa Umma. Ukuta mrefu kuliko yote hapa kijijini ni ule wa kinu cha mpunga, unaotazamana na kituo cha basi. Anayesubiri basi hana kingine cha kusoma. Mwenye kinu aliutoa kwa Umma, na Umma wakamwita Devassy.

Siku moja kabla hajaanza, asubuhi, alikuwa uani akikoroga gundi ya kuchanganyia rangi. Rappai akapita kwenye upenyo wa ua.

"Shemeji, ukuta wa kinu umeuanza?"

"Kesho."

"Utaandika 'Ammini'?"

"Sasa niandike nani? Wewe?"

Rappai akachuchumaa karibu naye. "Andika, lakini herufi ya mwisho isahau. Sema jua lilikuzidi, sema rangi ilikwisha. Isomeke 'Ammi' tu."

Kwa maandishi yetu 'ni' ni herufi moja, na 'ammi' inayobaki ni jiwe la kusagia viungo.

"Watu watamwita Mama Jiwe la Kusagia mpaka siku ya kura," Rappai akaendelea. "Kicheko cha wiki tatu, shemeji, ni kura mia mbili."

Devassy hakuacha kukoroga. "Hiyo herufi ya mwisho yeye ndiye aliyenifundisha."

"Na chama ndicho kilichokufundisha kusimama."

"Basi niache nisimame."

Aliuandika ukuta ule kwa siku nne. Watu wa vijiji vya jirani walikuja kuutazama. Kochuthresia anakumbuka kwamba madereva wa basi walikuwa wakipunguza mwendo, na abiria mmoja akasema, "Kwa jina kama hilo hata mimi ningegombea." Herufi ya mwisho ilikuwa na mkia wake kamili, umezungushwa mpaka chini ya mwavuli.

Siku ya kura Devassy alikwenda kituoni mapema na kumpigia kura mgombea wa Kazi, kama alivyofanya siku zote. Kura zilihesabiwa, zikarudiwa kuhesabiwa mara mbili. Mwalimu Ammini alishinda kwa kura arobaini na moja.

Jumapili ya pili baada ya hapo tawi lilikutana juu ya duka la fundi cherehani. Devassy aliambiwa kwamba ameupamba ukuta wa wapinzani. Akauliza, "Na ukuta wa shule nilioandika kwa ajili yetu, niliuharibu?" Ukuta wa shule ulikuwa mzuri vilevile. Ikaitishwa kura ya mikono. Kumi na moja walitaka atolewe, wawili walikataa. Aliyeihesabu mikono hiyo ni Rappai. Devassy aliweka kadi mezani, akashuka ngazi, na nyumbani akamwambia mkewe neno moja tu: "Wamenitoa."

Wiki hiyo hiyo watu wa Umma walikuja na shada la maua, wakimkaribisha kwao. Aliwapa chai na ndizi za kukaanga. "Mmenishukuru, nami nashukuru," aliwaambia. "Ila kura yangu niliwapa wapinzani wenu, na uchaguzi ujao mkirudi nitawaambia hivyo hivyo." Shada lao aliwarudishia, wakaenda kulitundika kwa Mwalimu.

Miaka minne Devassy na Rappai hawakusemezana. Kanisani walikaa mabenchi mawili tofauti, na kama mmoja amewahi sokoni, mwingine alizunguka njia ya mfereji. Bakuli za mchuzi hazikusimama. Rappai alipomwambia dada yake aache kupeleka, Kochuthresia alimjibu, "Kura ni zenu. Samaki ni wangu." Watu wa Kazi hawakumwita tena kwa kazi yoyote, na Devassy alirudi kuandika majina ya mabasi.

Jambo lililomuuma hakulisema. Lakini kila Mei Mosi alivaa shuka lake jeupe lililopigwa pasi na shati jeupe, akasimama barazani maandamano ya chama yakipita mbele ya lango. Alisimama hadi bendera ya mwisho imepita. Kisha aliingia ndani, akavua, akalikunja lile shuka mwenyewe. Mkewe aliliona hilo mara nne na mara zote alijifanya yuko jikoni.

Mwaka 1991 ukaja uchaguzi mwingine. Chama cha mwavuli kilikuwa kimegombana na wenzake wa Umma kuhusu nafasi za uwaziri, kikahama na mizigo yake yote, kikaingia Kazi. Mgombea wa Kazi wa Kolathukara akawa Mwalimu Ammini.

Rappai alikuja saa nne asubuhi. Hakupitia upenyo wa ua. Alizunguka mpaka langoni, kama mgeni.

"Shemeji, upo?"

"Nipo."

"Chama kimekaa."

"Chama gani?"

"Chetu."

"Chenu," Devassy akamrekebisha. "Endelea."

Rappai akavuta pumzi. "Ukuta wa kinu safari hii tumeupata sisi. Mgombea... mgombea unamjua. Tunaomba uandike jina lake."

Devassy akauliza, "Herufi zote?"

Kochuthresia alikuwa nyuma ya dirisha, na anasema kaka yake aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. "Zote, shemeji. Na mkia wake."

Devassy alikubali kwa sharti moja. Hakudai kadi wala hakudai kuombwa radhi mkutanoni. Alitaka Rappai amshikie ngazi, mchana, mbele ya kituo cha basi, mpaka ukuta uishe.

Siku tatu katibu wa tawi alishika ngazi juani. Watu hawakumwacha, maana lile neno la uani lilikuwa limeshavuja. "Rappai, jiwe la kusagia limegeuka lulu?" mwanamke mmoja alimtupia kutoka dirishani mwa basi. Mwingine akauliza kama mwavuli ule mpya unamkinga na jua. Siku ya kwanza alinuna. Siku ya pili alianza kujibu. Siku ya tatu, adhuhuri, Devassy alikuwa juu ya ngazi akimalizia mkia, na Rappai akiwa chini akasema bila kuangalia juu, "Nilihesabu ile mikono, shemeji. Nilikuwa natafuta wa tatu wa kukutetea, nipate sababu ya kuahirisha. Hakuwepo. Nikahesabu mpaka mwisho."

Devassy akamjibu, "Najua. Nilikuwa nakuangalia. Shika ngazi vizuri." Walikula chakula cha mchana pamoja siku ile, wali na samaki, wameketi chini ya ukuta.

Mwalimu Ammini alishindwa kwa kura zaidi ya elfu mbili. Devassy alipoulizwa alisema kwamba mwandiko mzuri humfanya mtu asomeke, haumfanyi achaguliwe. Kadi yake ilirudishwa mwaka 1992, na Mei Mosi ya mwaka huo alitembea ndani ya maandamano, safu ya tatu. Mwalimu alipofariki mwaka 2009, jina lililo kwenye msalaba wa kaburi lake, pale karibu na ukuta wa mashariki wa makaburi ya kanisa, aliliandika yeye.

Kisha yalikuja mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine, na kazi ya kuta ikafifia. Hakulalamika sana. Aliandika vibao vya shule na majina ya boti za kubebea mavuno. Mwaka 2014 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka, na madaktari wakampa jina la ugonjwa ambalo alikataa kulijifunza. Serikali ilipopiga marufuku yale mabango, kuta zilirudi, na kwa uchaguzi wa 2021 pande zote mbili zilimjia tena. Mkono haukuweza. Bintiye Rosily, mwenye miaka hamsini na moja, ndiye aliyeandika, naye baba akiwa kwenye kiti cha plastiki barabarani akimwambia, "Pumua kwanza, ndipo uvute. Ukibana pumzi, mstari nao unabana." Maofisa walimfuata nyumbani ili apige kura kitandani, kwa kuwa alikuwa ametimiza miaka themanini. Aliwashukuru, akawakatalia. Tarehe 6 Aprili alipanda bajaji pamoja na Rappai, wakapanga foleni kama watu wengine, wakibishana njia nzima.

Mwezi Oktoba mwaka huu alishikwa na nimonia. Alilazwa hospitalini mjini Thrissur siku kumi na tisa, na tarehe 11 Novemba akaomba arudishwe nyumbani. Padri alimpaka mafuta matakatifu Jumatatu jioni. Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, mchana, aliomba uji wa wali. Kochuthresia alimlisha vijiko vitatu. Cha tatu alikimeza, akasema, "Chumvi imezidi kidogo, lakini usimwage." Akageukia upande wa dirisha. Saa tisa na dakika arobaini mkewe alimgusa paji la uso, na akatuita. Alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Marehemu ameacha mjane, Bi Kochuthresia. Watoto watatu, Rosily na mumewe Antappan, Davis na mkewe Jolly, Shaiju na mkewe Bindhu. Wajukuu saba na kitukuu mmoja. Dada zake wawili, Mathiri na Kunjannam. Katika orodha ya awali Rappai aliandikwa kama shemeji. Jana alikuja na fimbo yake, akapitia kwenye upenyo wa ua, akaomba neno hilo lifutwe na aandikwe kaka. Familia ilikaa, wakakubali wote bila kupiga kura.

Ameacha pia kaka mmoja, Rappai.

Mungu aliyemtuma kwetu ampokee kwake, na ampe pumziko la amani.