Historia ya Dada Yetu, Mpima Mvua Aliyetunga Mashairi ya Nyasi

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha ya dada yetu, na wanaonijua jukwaani wameshanionya nisiwachekeshe, nami nimeahidi kujaribu.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, wa kwanza kati ya watoto sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, akaanza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza sekondari mwaka 1976, na katikati ya hapo akanibeba mgongoni mimi niliyezaliwa akiwa na miaka kumi na mmoja, ndiyo maana alikuwa akisema uzito wangu anaujua kuliko daktari yeyote.

Tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa kituo cha hali ya hewa kupima mvua, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2019, kila siku saa tatu asubuhi akitoka na daftari kwenda kusoma maji kwenye chombo, na kwa kuwa siku nyingi chombo kilikuwa kikavu, alibaki pale uani akiwatazama mchwa, magugu na mawingu yaliyokuwa yakimkwepa, akayatungia mashairi humo humo daftarini, mpaka bosi wake akataka kujua kwa nini taarifa ya Juni ina vina.

Tarehe 6 Desemba 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, aliyefika kituoni kuuliza kama mvua itanyesha, akajibiwa kuwa pale dada anapima iliyokwisha kunyesha, akarudi kesho yake kuuliza tena, na Mungu akawajalia binti mwaka 1983 na kijana mwaka 1986.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka tarehe 20 Agosti 1996, na wengi wenu mnakumbuka kwamba shairi la kwanza, ambalo lilitakiwa kuanza na nyasi zinanifundisha kuinama, lilitoka likisema nyani zinanifundisha kuinama, mji mzima ukacheka, watoto wakamwita Mama Nyani, naye akamlaumu mpiga chapa, akasema yule mzee hana macho ana vitobo tu, wateja wakamkimbia, na dada hakumsalimia tena maisha yake yote.

Ndugu zangu, karatasi za kusahihisha kabla ya kitabu kuchapwa, dada alinikabidhi mimi, nikazipitia huku nikipiga soga na wenzangu wa maigizo, nikaandika sawa, nikatia sahihi, kisha kwa siku kumi na moja nikakaa na dada mezani kwake, vitabu mia tano mbele yetu, mimi nikikata ile n kwa kalamu ya buluu, yeye akiandika s juu yake, na kila alipomtukana yule mzee, mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Dada aliugua figo kuanzia Februari 2022, na Jumapili tarehe 8 Septemba 2024 nilikwenda wodini nimeazimia kumwambia, nikavuta kiti, nikafungua mdomo, ukatoka mzaha, akacheka mpaka akakohoa, muuguzi akanitoa nje, na Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi dada akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala na sisi hapa, na wafanyakazi wenzake wa kituoni, waliopima mvua ya leo kabla ya kuja, na wewe mzee mpiga chapa, uliyekuja bila kuitwa na kukaa kule mwisho karibu na mlango, nakuomba radhi mbele ya watu hawa wote, kosa lilikuwa langu, na sahihi ni yangu.

Dada, umekwenda na kinyongo juu ya mtu asiye na hatia, kitue hapa, nitakibeba mimi niliyekufungia mzigo huo, na wewe pumzika kwa amani.