Watu Kumi na Mmoja Jikoni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi Mkuu, wakuu wa idara, wafanyakazi wenzangu, na ninyi ndugu na majirani wa Dada Mkasi mlioketi safu ya mbele: habari za mchana.

Nimeombwa mambo mawili: nimuage mhariri wa picha aliyekitumikia kituo hiki cha televisheni kwa miaka ishirini na tisa, kisha niikaribishe filamu fupi ya maisha yake. La kwanza nalifanya kwa moyo mweupe. La pili limenishinda, na nitawaambia kwa nini.

Tulimpa jina la Mkasi kwa sababu hakumwonea mtu haya. Habari yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika sita. Aliikata ikabaki moja na nusu. Nikanuna. Akaniambia, "Mdogo wangu, hizo nyingine ulikuwa unajisikiliza mwenyewe." Alisema kweli.

Dada huyu hakuolewa. Alijenga, akasomesha wadogo zake watatu, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka hamsini. Na kila wiki tamthilia zetu zilipita mezani kwake. Ndugu zangu, mmewahi kumtazama vizuri mwanamke asiye na mume katika tamthilia zetu? Akiwa na nyumba, lazima yupo mwanamume aliyemjengea. Akiwa bosi, ana gubu. Akitoka kazini hapigiwi simu, hatembelewi, hana hata shangazi. Anasimama dirishani na kikombe mkononi, kinanda kinalia. Ikifika sehemu ya kumi na tatu, ama ameolewa, ama amegongwa na gari. Hivi wanaoandika haya wanaishi wapi? Hawana dada?

Jumamosi iliyopita tuliwatuma vijana wetu nyumbani kwake. Kazi yao nimeitazama leo asubuhi. Dirisha lipo. Kikombe kipo. Kinanda, bila shaka, kipo. Nikampigia simu mpiga picha.

"Siku ile hapakuwa na mtu nyumbani?"

"Walikuwepo, kaka. Walijaa tele. Tukawaomba waingie jikoni."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanaharibu picha."

Mheshimiwa Mwenyekiti, watu kumi na mmoja walibanana jikoni, wakizibana midomo wasicheke, ili dada yao aonekane hana mtu. Ndio hawa walioketi mbele yako. Na sisi tulikusudia kuwaonesha leo, machoni pao, kwamba hawapo.

Sisemi vijana wana ubaya. Walipiga kile tulichowafundisha kuwa ndiyo picha. Mimi mwenyewe, katika kipindi changu, niliwahi kumwomba daktari mmoja asiye na mume akae mbali na wenzake, na asitabasamu. Alinitii. Mpaka leo sijamwomba radhi.

Nilikwenda chumba cha uhariri nikaomba picha ghafi. Zipo dakika nne zilizopigwa kabla watu hawajaondolewa sebuleni. Mpwa wake anamsuka. Jirani anabishana naye habari za mpira, na jirani anashindwa. Mdogo wake wa kiume anauliza, "Hawa wa televisheni watakula, au wanaondoka?" Dada Mkasi anajibu, "Wape sahani, lakini wazime hizo taa, macho yananiuma." Picha inatikisika. Haijakatwa popote, na najua hilo litamuudhi.

Mkurugenzi, najua ratiba imeshachapishwa. Nakuomba mbele ya watu hawa: ile filamu isioneshwe. Ukikataa nitakaa chini kwa heshima, lakini mimi sitaikaribisha.

Naona umetikisa kichwa. Mimi ni mwandishi wa habari, sikisii: hiyo ni ndiyo?

Ni ndiyo. Nashukuru, Mkurugenzi, na nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Fundi mitambo, tafadhali: ile ya dakika nne, na sauti juu.