Vitambaa Sita vya Mashua ya Vita

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Masaba, nanyi mliovuka mto asubuhi hii kutoka upande wa Kenya! Mimi ni Nabwire, yule mnayemwita Profesa. Leo sikuja na maswali. Nimekuja na kosa langu.

Mnaijua mashua iliyo nyuma ya kanisa. Wakati wa vita iliwavusha watu wetu Mto Sio, wakafika Kenya wakiwa hai. Tangu hapo, kila mtoto anayezaliwa katika jamaa za waliookolewa, kipande cha nguo yake ya kwanza hupakwa lami na kusukumwa kwenye nyufa za mbao. Miaka yote hiyo mashua haikugusa maji, lakini Mzee Wandera aliziba nyufa zake kila mwaka kana kwamba kesho itahitajika.

Mimi nilirudi kutoka chuo kikuu na shahada ya historia, na sikuamini. Mlisema ilibeba watu ishirini kwa safari moja. Nikaipima, nikaandika: kumi na wawili, basi. Mzee Wandera akacheka.

"We Profesa, unapima mashua ama unampima Mungu?"

Nikanuna. Alipokwenda shambani, nikachukua bisibisi nikachokoa vitambaa sita upande wa mbele, nione kama kuna hata kimoja cha wakati wa vita. Vyote vilikuwa vya baada ya vita. Nikavitia kwenye mfuko wa plastiki, nikavipa namba. Sikuvirudisha. Mashua ya kutazamwa tu, nikajiambia, itavujia wapi?

Ndugu zangu, mto haukuja kwa kishindo. Ulikuja kimya, kama mwenye nyumba anayerudi kwake. Nilikuwa nimelala mchana, nikaamka nikaona nuru ikicheza chini ya mabati, nikadhani bado naota. Sufuria za kukhu, bibi yangu, zilikuwa zinaelea na kuzunguka polepole, zikigongana kwa sauti tamu kama kengele za mbali. Nje hapakuwa na njia wala shamba. Mihogo imezama, migomba imesimama nusu majini, na mbingu imelala chini yake. Nikamshika kukhu mkono, nikakamata begi langu. Tulipofika mlangoni maji yalikuwa yametufika kiunoni.

Ndipo mashua ikatokea kati ya migomba, imejaa majirani, Mzee Wandera amesimama nyuma akiisukuma kwa upondo wake. Wakatuvuta ndani. Nikahesabu vichwa, maana ndivyo nilivyo: ishirini na watatu!

Kisha nikahisi baridi miguuni. Maji yalikuwa yanaingia mbele, pale pale. Mama mmoja akaanza kulia, akimwinua mtoto wake juu. Kukhu akaniinamia sikioni.

"Viko wapi?"

Kumbe alikuwa ameuona ule mfuko mezani kwangu. Nikafungua begi, nikautoa ule mfuko. Tukavisukuma vitambaa kimoja kimoja kwa vidole, na kukhu akinitajia majina ya watoto. Cha mwisho kilikuwa cha njano.

"Hicho chako, mjukuu wangu. Niliweka mimi mwenyewe."

Nikakikandamiza kwa dole gumba mpaka nchi kavu. Sikumbuki sauti yoyote ya safari ile, ila upondo ukizama na kutoka, na mimi, msomi, nikisema, Bwana, shika. Bwana, shika!

Akashika. Haleluya! Hakuna hata mmoja aliyepotea.

Lakini tangu siku ile Mzee Wandera ameweka chini nyundo yake ya kuzibia. Anasema macho yamezeeka, aliziba vibaya, angetuua. Nami nimekaa kimya wiki nzima, nikimwacha abebe aibu yangu. Kukhu amekuwa akinitazama tu.

Mzee wangu, uliziba vizuri. Ni mimi niliyefungua. Nisamehe mbele ya hawa wote, na uichukue nyundo yako.

Ndugu zangu, maswali ninayo bado, na Mungu hajanikemea kwa ajili yake. Lakini jina lake nashukuru, maana alinibeba katika mashua niliyoitoboa mwenyewe. Wewe unayesitasita kama mimi, usiamini maneno yangu. Baada ya ibada twende nyuma ya kanisa. Lami iko motoni. Njoo uweke mkono wako kwenye ule ufa, umwambie Bwana neno moja tu: shika.