Revelian Kamugisha na Jaruba la Binti Pazi

Ndugu, jamaa na majirani, mliokuja tangu juzi na hamjalala sawasawa, familia inaomba masikio yenu kidogo, tuwasomee maisha ya ndugu yetu Revelian Kamugisha, nasi hatutarefusha, maana mwenyewe alikuwa mtu wa kuchoshwa upesi na maneno.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1901 huko Kamachumu, Bukoba, penye kibanja cha migomba ambako samadi, nyasi na jivu la jikoni vilitupwa pamoja shinani kila asubuhi, na hilo ndilo lililokuwa somo lake la kwanza, kabla ya shule ya misheni aliyosoma kuanzia 1909 hadi 1914. Mwaka 1925 alifika Dar es Salaam, akaajiriwa tarishi katika ofisi ya kilimo, baadaye msaidizi wa bwana shamba, akajenga hapa Buguruni, juu ya bonde la mpunga. Tarehe 7 Januari 1928 alifunga ndoa na Apolonia, wakajaliwa watoto watatu, Albano, Adelina na Anastasia, mnaowaona hapa mbele.

Masika ya 1950 ofisi ilimpa magunia ya mbolea ya chumvichumvi, ile ya kiwandani, awafundishe wakulima wa bondeni kuitumia pamoja na samadi, naye, kwa kujiamini, akafanya kama kibanjani kwao, akalundika samadi mbichi, chumvichumvi na jivu mahali pamoja, na lundo lilipotoa harufu ya kuchoma macho akawaambia watu hiyo ndiyo nguvu yake, kumbe jivu lilikuwa likiifukuza nguvu hiyo hewani. Lundo lote liliingia katika jaruba la jirani yake, Binti Pazi, mjane wa watoto watano, aliyemwamini kuliko wote, na mpunga ukatoka wa manjano, masuke matupu, nyumba ile ikala mihogo mwaka mzima. Marehemu alikwenda kuomba radhi, akajibiwa kwamba radhi amepewa, ila mguu wake usikanyage tena jarubani pale.

Tangu hapo hakustarehe. Alilima kajaruba kake ng'ambo ya mtaro, akakakata vipande vitatu, kimoja samadi tupu, kimoja chumvichumvi tupu, na cha tatu samadi iliyooza vizuri wakati wa kulima, chumvichumvi ikifuata baada ya palizi, bila hata kijiko cha jivu, na kila mwaka cha tatu kilivishinda vingine. Kila mwaka pia alizunguka kwa barabara ya juu, njia ndefu, kikapu cha samadi kichwani, asipite kwa mama yule, hadi miguu ikaanza kuvimba. Watu walimwita Bwana Mavi, akacheka nao, lakini nyumbani alikuwa haongei. Mkewe alimsihi aache, amejitesa vya kutosha, naye akamjibu kwamba ataacha siku Binti Pazi atakapolima hivyo.

Desemba 1956 kifua kilianza kumsumbua, akalazwa tarehe 20 Mei 1957, na kila siku aliuliza mpunga wa Binti Pazi umekaaje, nasi, kwa uchovu wa kuuguza, tulimjibu tu kuwa upo. Alifariki juzi Jumatano, tarehe 12 Juni, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa ofisini, na nyinyi majirani mliotubeba siku hizi tatu.

Jana Binti Pazi alileta gunia la mchele mpya, ndio mtakaokula mkitoka makaburini, akaomba isomwe hapa kwamba huu ni msimu wake wa tatu kulima kwa njia ya marehemu, akiweka mbolea wakati marehemu yuko kazini, naye alipoona kijani kile kutoka barabarani alidhani ni mvua. Anasema alinyamaza kwa kiburi tu, na alikuwa amepanga kumfuata hospitalini leo Ijumaa, akishamaliza kupura, amweleze kwa mdomo wake mwenyewe. Imemuuma sana, nasi pia imetuuma. Ameomba jeneza lipite katikati ya jaruba lake, ndiyo njia ya mkato.

Basi ndugu yetu, leo huzunguki barabara ya juu. Pita hapo kwa Binti Pazi, ukapumzike kwa amani.