Mzee Viateur, Afisa Malazi Aliyekosa Pa Kulala

Leo Alhamisi, tarehe 31 Desemba 1992, saa sita kamili mchana, Mzee Viateur Niyongabo, Afisa Malazi wa Umoja wa Wachukuzi wa Barabara ya Kati, tawi la Kigali, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane, miezi saba na siku ishirini na saba. Hesabu hiyo ameipiga mwenyewe na kuihakiki mara mbili. Mimi ninayewasomea wasifu huu nilitaka kuandika "karibu miaka thelathini", akanikatalia katakata, akasema "karibu" si idadi.

Mzee Viateur alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, na Kiswahili chake kitamu kimetoka huko huko mtaani. Alijiunga nasi Mei 1964 akiwa utingo wa lori, analala juu ya magunia ya kahawa na kuamka kabla ya dereva. Baada ya miaka mitatu akaletwa ofisini, kwa sababu alikuwa utingo pekee aliyerudi safarini na maturubai yote. Akatunza ghala, akatunza masjala, na mwaka 1971 akakabidhiwa malazi, yaani kuchagua hoteli ambazo madereva na wajumbe wa Umoja watalala wakifika Kigali.

Mwaka huo huo akaandika Kanuni za Malazi, kurasa kumi na moja, ambazo hadi leo hakuna mwingine aliyezisoma zote. Mbili kati yake zitatusumbua sana katika wasifu huu, kwa hiyo naziweka hapa mapema. Kanuni ya 12 inasema mtumishi wa Umoja haruhusiwi kulala katika nyumba iliyo kwenye orodha ya hoteli za Umoja ndani ya mji anaofanyia kazi. Aliitunga kwa ajili ya karani mmoja, simtaji kwa kuwa yupo ukumbini, aliyehamia hotelini miezi miwili kwa kisingizio cha kusikiliza malalamiko ya wageni. Kanuni ya 15 inasema orodha ikishatiwa saini na kutumwa haiguswi mpaka muda wake uishe.

Kwa Mzee Viateur, kuchagua hoteli si kutazama rangi ya pazia na kusema inafaa. Kwanza hulala kitandani robo saa nzima, viatu amevikumbatia kifuani, macho wazi, huku mwenye hoteli amesimama mlangoni hajui aondoke au asubiri. Kiangazi, kwa kuwa mvua hakuna, hupanda ngazi na kumwaga ndoo mbili za maji juu ya bati aone kama linavuja. Mtaani Nyamirambo lilivuja kweli, na chini yake alikuwa amelala mfanyabiashara mmoja wa chumvi ambaye hakuambiwa kitu. Kisha hupima kuta kama zinapitisha sauti. Hapo ndipo mimi nilipoingia katika historia ya Umoja, maana kazi yangu ya kwanza rasmi, wiki niliyoajiriwa, ilikuwa kukaa chumba cha pili na kukohoa. Nilikohoa hoteli tano kwa siku moja. Jioni nikawa nakohoa bila kutumwa.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Mwanzoni mwa 1991 barabara ya Gatuna, ya kwenda Uganda, ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita vya kaskazini, malori yetu yote yanazungukia Rusumo, mpakani na Tanzania, na Umoja ukaitisha mkutano wa dharura hapa Kigali. Mwenyekiti wa Umoja akaagiza kwamba wajumbe sita watakaokuja wasipelekwe mahoteli makubwa ya kilimani. Walale mtaa wa kale, Biryogo, walikolala madereva wetu wa kwanza, ili wakumbuke Umoja umetoka wapi. Agizo zuri. Ila hoteli za Biryogo zilikuwa tano tu, na kwa kikohozi changu na ndoo za Mzee, iliyofaulu vizuri kuliko zote ilipata alama sitini na moja kwa mia.

Mzee Viateur ana desturi yake. Kabla ya ukaguzi wowote hujaza fomu moja ya mfano ili awe na kipimo cha kulinganishia, na mfano wake siku zote ni nyumba yake mwenyewe, iliyo humo humo Biryogo, ya zamani kweli kweli, ya matofali ya udongo, vyumba vinne vinavyotazama ua mmoja, anamoishi na mkewe, Mama Générose. Watoto wameshakua na kuondoka. Katika fomu ile, kwa uaminifu wake, aliipa nyumba yake alama tisini na nane. Mbili alizikata kwa sababu mwenye nyumba hukoroma.

Aliyechapa orodha ni mimi, Annah Kabagwira, mwenyeji wa Ngara, ng'ambo ya Rusumo, nikiwa bado mtumishi wa majaribio. Fomu mezani zilikuwa sita, nikachapa sita. Yenye tisini na nane nikaiweka ya kwanza. Haya, nimesema. Mkurugenzi wetu, Bwana Mutsinzi, akatia saini akiwa ameshika simu kwa mkono mwingine, barua zikatumwa Bujumbura, Bukavu, Kampala na Dar es Salaam, na nyumba ya Mzee Viateur ikawa hoteli bora ya mtaa wa kale.

Jumanne tarehe 12 Februari, saa kumi na moja jioni, Mama Générose alikuwa uani anachambua maharagwe. Wakaingia mabwana sita wenye mabegi na barua yenye muhuri. Yeye akadhani ni wageni wa parokia. Akawakaribisha, akaongeza maji sufuriani, akawaonyesha pa kunawa. Wajumbe wakafurahi kupita kiasi, wakaambiana kwamba hoteli ya namna hii, ambapo mhudumu anakuuliza habari za mama yako, haipo hata Nairobi. Mzee Viateur alipotoka kazini akakuta jozi sita za viatu mlangoni kwake, na mjumbe wa Dar es Salaam, taulo shingoni, akamwuliza kwa adabu kama na yeye amepata chumba.

Kuwahamisha haikuwezekana, kwani saa ya amri ya kutotoka nje ilikuwa inakaribia na hoteli nyingine zimejaa. Basi Mzee akasoma barua mwanzo hadi mwisho, akasalimia wageni mmoja mmoja, akaingia chumbani kwake, akatoka na blanketi. Akamweleza mkewe kwamba nyumba imo kwenye orodha, naye ni mtumishi, na kwamba Kanuni ya 12 iko wazi. Akavuka kwenda mtaa jirani wa Gitega kwa shemeji yake, Kamanzi, fundi cherehani, akalala juu ya meza ya kukatia vitambaa. Majirani wanasema sauti ya Mama Générose siku ile ilisikika mpaka sokoni. Alisema, "Mimi iko na bwana ama iko na mukaguzi?"

Kesho yake Mzee alimwambia Mkurugenzi kwamba kosa ni lake, kwa kuacha fomu ya mfano kati ya fomu halisi. Akapewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika miaka ishirini na minane. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mashine yangu ya kuchapa, na Mungu anisamehe, nilishukuru.

Tulidhani mkutano ukiisha mambo yataisha. Wapi! Wajumbe waliandika tathmini, wakaipa nyumba alama mia kwa mia, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekoroma. Sifa zikaenea kila tawi. Na kwa Kanuni ya 15 orodha haiguswi mpaka muda wake uishe, leo tarehe 31 Desemba 1992 saa sita mchana. Wakaja madereva wa Mombasa, wakaja makarani wa Bukavu, akaja mama mmoja wa makao makuu aliyekaa siku tisa akijifunza kupika isombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Mzee akawa anakula chakula cha jioni kwake, maana kanuni inakataza kulala tu, haikatazi kula. Kisha anakunja blanketi lake, anaaga, anakwenda Gitega. Asubuhi anafika ofisini na nyuzi za rangi zote nyweleni, tukawa tunajua Kamanzi jana alishona nini.

Kila miezi mitatu alipaswa kuikagua hoteli hiyo. Niliandamana naye kwa ajili ya kukohoa, kwa hiyo nayasimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Alibisha hodi kwenye lango lake mwenyewe. Akajitambulisha kwa mkewe kwa jina kamili na cheo. Mama Générose akadai barua ya kazi, akaisoma polepole huku tumesimama juani, kisha akamwambia asubiri, mwenye nyumba hayupo. Mzee akamkata alama tano kwenye mapokezi. Mama Générose naye akaomba daftari la malalamiko ambalo ni haki ya kila mwenye hoteli, akaandika kwamba mkaguzi huyu anakula sana na hatandiki anapolalia. Mzee aliyasajili malalamiko hayo kwa namba, akajijibu mwenyewe kwa barua rasmi ndani ya siku kumi na nne, na akajitaka ajirekebishe.

Tulicheka, na nyinyi mnacheka sasa hivi. Lakini mtu aliyepita miaka hamsini na mitano halali mezani miezi ishirini na miwili kwa mzaha. Masika ya mwaka huu alishikwa na malaria kali. Mganga akamwandikia apumzike nyumbani. Akiwa anatetemeka, akauliza kwa maandishi kama neno la mganga lina nguvu kuliko Kanuni ya 12. Mkurugenzi Mutsinzi alimwendea Gitega yeye mwenyewe akamsihi, akamwambia Mzee rudi kwako, mimi sitaona. Akakataa. Akasema kanuni kaiandika yeye, na akiivunja yeye, karani yule wa hotelini atarudi kesho yake na mkewe na mashuka. Swali likapelekwa makao makuu, na jibu likafika siku kumi na moja baada ya kupona, likiomba nakala ya cheti cha mganga.

Siku zote hizo Mama Générose alipanda kutoka Biryogo hadi Gitega mara mbili kwa siku na chupa ya uji, huku wageni wake wanamsubiri. Nilimkuta pale siku moja, amekaa kwenye kiti cha cherehani, anamlisha. Aliniambia bila kunitazama kwamba nyumba imejaa watu na yeye analala peke yake. Nilirudi ofisini nikachapa barua nne na zote zilikuwa na makosa.

Na sasa niseme lililonifanya niombe niandike mimi wasifu huu.

Wiki iliyopita nilitumwa kupanga kabati la Mzee kwa ajili ya makabidhiano. Nikaikuta karatasi ya kwanza ya orodha ile, niliyoichapa kwa mikono yangu, saini ya Mkurugenzi ikiwa chini. Kwenye mstari wa kwanza, mstari wa nyumba yake, nilikuwa nimeandika kwamba iko mbele ya karakana ya baiskeli. Neno "mbele" limekatwa kwa kalamu nyekundu, na juu yake, kwa mwandiko wa Mzee, limeandikwa "nyuma". Pembeni ameweka herufi za jina lake na tarehe. Tarehe 4 Februari 1991. Siku nane kabla ya wageni kufika.

Kumbe aliiona. Aliiona nyumba yake pale juu, akijua Kanuni ya 12 na ya 15 kuliko mtu yeyote duniani, maana ni zake. Na alijua jambo jingine ambalo ofisi nzima ilikuwa imelisikia. Asubuhi hiyo Mkurugenzi alikuwa amerudishiwa barua yangu ya tatu yenye makosa, akaapa mbele ya wote kwamba karatasi nyingine ya Annah ikirudi mezani kwake kutiwa saini upya, Annah anapanda lori la Rusumo jioni hiyo hiyo, majaribio yamekwisha. Ngara nilikuwa nimeacha mama na wadogo zangu watatu wanaosomeshwa na kazi hii. Kuitoa nyumba yake kungetaka karatasi mpya na saini mpya. Mzee akakata neno moja, akaandika jingine, akaipeleka karatasi ikatumwe.

Nilimfuata nikiwa nayo mkononi. Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu kwamba bila kulikata lile "mbele" wageni wangepotea.

Mkurugenzi, ukiyasikia haya, barua yangu ya kuthibitishwa kazini ninayo, na nimeificha mahali pazuri.

Mzee Viateur, kwa niaba ya tawi zima tunakushukuru kwa kila kitanda ulichokilalia ili sisi tulale salama. Mimi nakushukuru kwa kile ambacho hukukilalia. Saa sita ikigonga, orodha itakuwa imekufa na wewe hutakuwa mtumishi wa mtu. Tunakutakia heri, afya na umri mrefu, wewe na Mama Générose. Amenituma nikwambie kwamba wageni wa mwisho wameondoka asubuhi, na kwamba ametandika.

Nenda nyumbani, Baba.